Namba Fupi Arobaini na Saba

Mzee Nzunda tulimzika Jumamosi kule Chapwa, na kabla jeneza halijatolewa ndani mimi nilikuwa nimeketi na kuinuka mara tano. Sikuumbwa kwa ajili ya kukaa msibani. Wenzangu wakikunja miguu juu ya mkeka wanatulia, mimi natafuta sufuria ya kusugua, mtoto wa kubeba, chochote cha kuipa mikono kazi. Ndivyo nilivyojikuta upande wa wanaume nikigawa maji ya chupa, na mzee mmoja mwenye mvi, koti limemlegea mabegani, akaipokea chupa yake asiifungue. "Atu," akasema. Jina langu ni Atupele na hospitalini wananiita Sista. Waliokuwa wakiniita Atu wamebaki wachache. Nikamtazama vizuri, nikauona mwanya wa meno ya mbele, nikamjua. Alikuwa Simbeye, karani wa nyaraka katika ofisi ya marehemu, mwaka ule nilipokuwa mapokezi. "Shikamoo, kaka." "Marahaba." Akanipa pole, akauliza habari za kazi na za watoto, moja juu ya nyingine, bila kungoja sana majibu. Kisha akauliza alichokuja nacho. "Ule mtambo wa simu. Saa yake uliiweka wewe, au aliiweka fundi?" Nikamwambia nakuja, nafuata maji mengine. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikasimama kando ya pipa, na sikufuata maji yoyote.

Habari za wazazi wangu na za kukulia milimani Ileje naziacha, hazina hatia katika jambo hili. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimepanga chumba Tunduma ambacho dirisha lake lilitazama matairi ya malori, na kila asubuhi niliamka na haraka ya kwenda mahali nisikokujua. Wakati huo bado tulihesabiwa mkoa wa Mbeya, na simu za mkononi walikuwa nazo wakubwa, wakizining'iniza mkandani. Ofisi yetu ilikuwa ya kutoa mizigo mpakani, vyumba vinne vilivyogawanywa kwa mbao nyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya mapokezi uliambiwa "afya" kutoka chumba cha nyaraka. Mbele nilikaa mimi, mlango wazi, madereva wameegemea meza yangu, wabadilisha fedha wakiita kwacha, kwacha, pale nje. Nyuma yangu alikaa Simbeye, kisha Mzee Nzunda mwenye ofisi, kisha jiko. Simbeye ndiye aliyeshika funguo. Alifungua saa moja asubuhi kila siku, akawasha jiko la mkaa mwenyewe, akabandika chai, na mimi nilipofika saa mbili nilimkuta anapiga mihuri huku akiimba besi, maana alikuwa nguzo ya kwaya kanisani kwao. Saa nne tulikunywa chai kwa viazi vitamu vya kuchemsha. Alikuwa akinimenyea kiazi changu, akisema mtu mwenye haraka kama mimi atakila na maganda. Nilimpenda kama unavyompenda kaka mkubwa ambaye hana amri juu yako, na nalisema hili mapema ili isije ikadhaniwa kwamba nilikuwa na kinyongo naye.

Simu ya ofisi ilikuwa moja, mezani kwangu, na kila aliyepita aliomba dakika moja tu. Ankara zilipomchosha, Mzee akanunua mtambo. Lilikuja sanduku la rangi ya maziwa, likafungwa ndani ya kabati chumbani kwa Simbeye, na kila chumba kikapata simu yake. Mzee alikuwa mtu wa Mbozi, mtu wa kahawa na maombi, hakuwasha hata jenereta bila kuliombea. Mchungaji akaja, akaweka mkono juu ya sanduku, Simbeye akaanzisha pambio, tukaitikia. Fundi wa kutoka Mbeya alifanya kazi siku moja, akanieleza upesi upesi huku akitazama asipitwe na basi, akaniachia kitabu kinene cha Kiingereza. Kwa kuwa ni mimi niliyekuwa na subira ya kukisoma, subira pekee niliyowahi kuwa nayo, nikawa mwenye mtambo. Mzee akanikalisha chini kunipa amri zake. Mtambo ulikuwa na madaraja manne. Simu yake yeye, daraja la kwanza, ipige popote duniani. Yangu, la pili, ndani ya nchi. Ya Simbeye, la tatu, namba za mezani za Tunduma na Mbeya tu. Ya jikoni, la nne, iongee na sisi wenyewe basi. Nilibonyeza nyota, namba ya siri, daraja, kitufe cha alama ya reli, na kila niliposikia ule mlio wa kukubali nilisikia raha mwilini. Binti ambaye hakuwa ameamua hata rangi ya pazia la chumba chake alikuwa anaamua nani aongee na nani.

Kesho yake ndipo tulipogundua tulichofanya. Ukisimama mlangoni kwetu uliona nguo zilizoanikwa Nakonde, unajua nani kafua mashuka. Lakini kwenye simu Nakonde ni Zambia, Zambia ni nje ya nchi, na nje ya nchi tulikuwa tumeifunga. Simbeye alikuwa na mwenzake kule, Bwana Chanda, aliyeshughulikia makaratasi ya upande wa pili, na waliongea mara kumi kwa siku. Asubuhi ile mkonga ulimlilia sikioni tuu, tuu, tuu. Akachukua faili kwapani, akavuka geti kwa miguu kwenda kumwambia Chanda neno moja, akarudi, akakumbuka la pili, akavuka tena. Mara ya nne alirudi na vumbi hadi kwenye nyusi. "Atu," akasema, "umeifanya Nakonde iwe Ulaya. Chanda ananiuliza kwa heshima zake za Kibemba, mukwai, tumewakosea nini?" Tulicheka mpaka Mzee akagonga ukuta. Nilishinda na kile kitabu mkononi siku nzima, na jioni nikapata dawa. Kitabu kilisema namba ikishawekwa katika orodha ya namba fupi, tarakimu mbili tu za kubonyeza, mtambo hauikagui tena. Inapita hata kwenye simu ya daraja la chini. Nikamweka Chanda kwenye kumi na moja. Wiki ile nilijaza wateja, mizani, bohari, benki, hadi namba fupi arobaini na sita. Nikaziandika kwa wino mwekundu kwenye karatasi, Mzee akaisaini chini, tukaibandika ukutani. Arobaini na saba sikuiandika ukutani.

Arobaini na saba ilikuwa ya dada yangu Enelesi. Alikuwa ameolewa Ndola, ndani kabisa ya Zambia, ana kibanda sokoni chenye simu, na alikuwa amenitafutia nafasi katika chuo cha uuguzi kule. Fomu zangu zilikuwa zimeshapokelewa, ilibaki kuitwa kwenye usaili, na mwito ungeweza kuja wiki hii au miezi mitatu ijayo. Ningeweza kuvuka Nakonde nikapige kwenye vibanda, watu walifanya hivyo. Nilipiga ofisini kwa sababu niliweza, na kwa sababu sikuwa na kifua cha kusubiri. Mezani kwangu kulikuwa na masikio mengi, hivyo nilisubiri saa saba, Simbeye anapokwenda kula kwa mama ntilie karibu na foleni ya malori, naye alikuwa mtu wa kula polepole, anabishana mpira na madereva mpaka saa nane. Niliingia chumbani kwake, nikarudisha mlango, nikasimama katikati ya harufu ya wino wa mihuri na vumbi la mafaili, nikabonyeza nne, saba. Enelesi alianza vile vile siku zote. "Ni wewe?" Kisha, "Umekula?" Nilimwambia nimekula, hata kama sijala, nikamuuliza kama wameita, akasema bado, nikakata. Nilifanya hivyo karibu kila siku.

Sasa hiyo saa. Fundi alipoondoka aliniachia kazi moja ya mwisho, kuuwekea mtambo saa yake. Mkono mfupi wa saa ya ukutani ulikuwa kwenye tisa na macho yangu yakasoma tatu, kama yalivyosoma tangu utoto, saa tatu asubuhi. Nikabonyeza sifuri, tatu, sifuri, sifuri. Ukaitikia. Siku kadhaa baadaye, nikipekua kitabu, nilielewa kwamba mtambo ulikuwa unaamini tunafanya kazi usiku wa manane. Nikacheka peke yangu. Niliona ni kitu kidogo, nani atauliza saa iliyo kabatini, nikaiacha. Nimekuwa muuguzi miaka mingi na nimeona vitu vidogo vikiua watu, lakini wakati huo sikuwa nimeona kitu.

Ankara ya mwezi wa tatu ilikuja na namba moja ya Ndola imejirudia ukurasa mzima. Mzee alimwita fundi, fundi akachomeka kimashine cha kuchapa, ukatoka mkanda wa karatasi wenye kumbukumbu ya kila simu, namba ya chumba, namba iliyopigwa, saa. Akauchana, akampa Mzee, akawahi basi lake. Ilikuwa saa nne asubuhi, chai imeshamiminwa, viazi vinatoa mvuke. Mzee akatuita chumbani kwake wote wawili. Alikuwa ameipigia mistari kila arobaini na saba. "Simu ya chumba cha nyaraka," akasoma. "Saa saba na dakika kumi na mbili. Saa saba na ishirini. Saa saba na tano." Kisha akafanya kile tunachofanya sote tukishika karatasi ya Kizungu, akatoa sita. "Maana yake saa moja asubuhi. Atupele, ofisi hii hufunguliwa saa ngapi?"

Nilijua. Nalirudia ili nisije nikajificha nyuma ya ujana, nilijua papo hapo. Ile saba ya kwenye karatasi ilikuwa saba yetu, saba ya mchana, kwa sababu mimi ndiye niliyeiweka saa hiyo. Juu kabisa ya mkanda ule, kabla ya mistari ya Mzee, niliiona simu yangu ya kwanza ya siku kwa benki imeandikwa saa tisa za usiku. Mtu yeyote angeitazama angeuliza nani alikuwa ofisini usiku huo akiongea na benki. Hakuna aliyeitazama. Nikajibu, "Saa moja, Mzee. Kila siku." Lilikuwa neno la kweli tupu, na nililisema nikitazama viatu vyangu. "Na anayefungua?" "Kaka Simbeye."

Simbeye alicheka. Alidhani ni utani, na kicheko kile kilimharibia. "Mzee, mimi sina mtu Ndola," akasema. "Hata kuiweka hiyo namba sijui." Mzee akasema namba ya siri imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, kabati liko chumbani kwake, funguo anazo yeye. Kisha akanigeuzia simu yake. "Piga. Weka spika, tumsikie huyo mtu." Nilibonyeza nne, saba. Nikaomba mstari ukatike, nikaomba umeme ukatike, nikaomba Enelesi awe ametoka. Ikalia mara mbili. "Ni wewe?" ikasema sauti ya dada yangu, laini, imejaa chumba kizima. "Mbona leo mapema hivi?" Mzee akakata simu kwa kidole chake mwenyewe. Saa nne, na mtu anayedaiwa kupiga saa moja anaambiwa amewahi. Hilo nalo lilipita juu ya vichwa vyao. Walichosikia ni mwanamke, anayeongea Kiswahili, sauti ya mtu anayengoja. Simbeye aliacha kucheka. "Mzee," akasema, "nakuapia mbele za Mungu." "Usimtaje," Mzee akamwambia, bila ukali, kwa masikitiko kabisa. "Weka funguo mezani." Nilisikia zikiwekwa. Chai yake ilibaki kwenye kikombe mpaka ikafanya utando, na mimi ndiye niliyeimwaga.

Ningeweza kusema siku ile, au kesho yake, au wiki ile. Nilijiambia nitasema nikishaitwa usaili. Niliifuta arobaini na saba jioni ile ile, nyota, namba ya siri, reli, na saa nikairekebisha ili asije mtu akaikuta. Mwito ulikuja siku tisa baadaye, nikausikia kwenye kibanda cha Nakonde, nimevuka kwa miguu kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Katika siku hizo tisa nilisikia kila kitu kupitia zile mbao. Madereva walisema mwanamke wa Ndola ni wa baa. Mtu wa mizani alisema amemzalia. Kwaya ilimwomba Simbeye apumzike kidogo, na mkewe, Mama Neema, alichukua watoto akarudi kwao Mbozi. Mzee hakumweka mtu mwingine haraka, hivyo nilianza kufungua ofisi mimi, saa moja, na kila asubuhi niliwasha jiko lile nikajiambia leo. Mwezi wa tisa nikapanda basi la kuelekea Ndola. Enelesi alinipokea stendi, akaniuliza kama nimekula.

Sasa nilikuwa kando ya pipa, mtu mzima wa karibu hamsini, nimejificha. Nikaloweka mikono, nikajifuta kwenye kanga, nikarudi. Simbeye hakuwa amehama. Nilichuchumaa mbele ya kiti chake. "Niliiweka mimi," nikasema. "Niliiweka kwa saa zetu." Alihesabu, vidole vikigusana kimoja kimoja juu ya goti. "Basi ilikuwa saa saba ya mchana." "Ndiyo, kaka." "Saa saba nilikuwa nakula." "Ndiyo." Akatikisa kichwa taratibu, bila mshangao. "Yule mama alisema mbona mapema. Nimelitafuna neno hilo miaka yote, napalilia kahawa natafuna. Saa nne imekuwaje mapema? Nikaona labda kuna saa imekosewa mahali. Naye alikuwa nani?" Nikamwambia. Nikamwambia na ya chuo, na ya chumbani kwake, na ya neno langu la kweli. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, ingawa najua machozi ya mkosaji humpa kazi aliyekosewa. Simbeye alifungua ile chupa, akanywa, akaifunga. "Mama Neema alirudi, unajua," akasema. "Baada ya mwaka. Tumekaa vizuri, tumezeeka. Lakini simu yangu ikilia, mpaka leo, anainua kichwa. Hasemi kitu. Anainua kichwa tu." Akaniinulia kidevu kuelekea jikoni kwa akina mama. "Yuko pale, anachagua mchele. Nenda kamwambie wewe. Mimi nimeshasema mpaka nikachoka."

Nilikwenda. Hatua zile zilikuwa chache na nilitaka kuzikimbia zote. Mama Neema alikuwa ameketi juu ya kigoda, ungo mapajani, mchele wa Kamsamba mweupe mbele yake, anatoa mawe. Nilimwamkia, nikapiga magoti, nikasema jina langu na kazi niliyokuwa nikifanya, kisha nikalisema lote kwa mpango, kwa sauti ya chini, kama ninavyosoma hali ya mgonjwa wakati wa kubadilishana zamu. Vidole vyake havikusimama. Nilipomaliza alitupa jiwe, akatupa jingine. "Dada yako yuko hai?" "Yuko hai, mama. Anauza vitenge." "Mnene?" Sikuelewa. "Nauliza ni mnene? Mweupe?" Nikasema hapana, mwembamba, mweusi kama mimi. Akatikisa ungo. "Mimi nilimtengeneza mnene," akasema. "Mweupe, amesuka nywele, ana jino la dhahabu. Nimekaa na huyo mama nyumbani kwangu miaka hii yote. Nikipika, yupo. Nikilala, yupo." Nikasema, "Nisamehe, mama." Akasema, "Nimesikia." Hakuniambia niinuke wala nibaki. Nikavuta upande wangu wa ungo, akaniachia, tukaanza kuchagua pamoja, na kwa mara ya kwanza siku ile niliketi nikatulia.

Mchele ulikuwa na mawe mengi. Upande wa wanaume simu ikalia, mlio ule wa zamani wa simu ndogo za vibonyezo, na sauti ya Simbeye ikasema haloo. Mama Neema aliinua kichwa.